Mshona Matandiko na Chumba cha Mbele

Jumatatu, 4 Machi

Mama mkwe amepasuliwa jicho leo. Mtoto wa jicho, upande wa kulia. Daktari anasema kazi imekwenda vizuri. Nimefurahi kama mkwe yeyote, kisha nikauliza habari za chumba cha mbele cha nyumba yake palepale wodini, jambo ambalo mke wangu amelilalamikia njia nzima hadi nyumbani.

Nisiulize kwa nini? Muuza vitambaa aliyekuwa amekipanga amehama. Chumba kinatazama barabara kuu. Kina mlango wa mabawa mawili. Karakana yangu mimi iko nyuma, kwenye kichochoro. Kochi la watu watatu halitoki mpaka nilivue miguu, nilisimamishe wima kama mgonjwa wa mgongo, halafu nimbembeleze muuza mkaa asogeze magunia yake. Hakuna mpita njia anayejua kama nipo duniani. Nilianza na nyundo moja na sindano ya kushonea magodoro, sikushikwa mkono na mtu, na mpaka leo nimefichwa kama bidhaa ya wizi.

Mpinzani ni mmoja tu: mwanyumba wangu, mume wa dada yake mke wangu. Kinyozi. Ananyolea watu barazani, kioo kimetundikwa kwenye msumari. Anacheka sana. Sijawahi kuona mtu asiye na mtaji akacheka kiasi kile.

Mama mkwe amesema atatoa jibu siku atakayofunguliwa bendeji, Jumamosi ya wiki ijayo. Hatatudai kodi. Anataka tu kumjua vizuri anayempa. Mpaka siku hiyo haruhusiwi kusoma hata risiti, na yeye ni mtu asiyepata usingizi bila kitabu. Mwanyumba alikuwa ameshajipendekeza kumsomea gazeti kila asubuhi. Gazeti! Nikasema mimi nitamsomea riwaya kila jioni. Mke wangu alinitazama kana kwamba nimesema nitazaa.

Jumanne, 5 Machi

Riwaya ina kurasa mia tatu na kumi na mbili. Inahusu muuguzi anayemtafuta kaka yake aliyepotea. Ameichagua mama mwenyewe, akaipapasa rafuni kwa vidole mpaka akaipata.

Ukurasa wa kwanza, mvua inanyesha. Wa pili, inanyesha. Wa tatu ikapungua, nikapata matumaini. Wa nne ikaanza upya. Nimevumilia saa nzima, nikasoma kurasa kumi na tatu. Hesabu haidanganyi: kwa mwendo huo tutamaliza siku ya ishirini na nne, na chumba kinatolewa siku ya kumi na mbili. Nitakuwa nimesomea mvua bure.

Nikabuni mbinu. Kila ukurasa nasoma mstari wa kwanza na wa mwisho. Katikati ni nini kama si sponji ya kujazia? Tukaenda mbio. Mama akauliza kama huyu mwanamume anayezikwa ndiye yule aliyekuwa anaagiza chai. Nikamwambia ndiye. Akasema masikini, hata haikupoa.

Jumatano, 6 Machi

Mama amemwambia mke wangu kwamba nasoma kama mtu anayekimbizwa na mbwa. Mke wangu akanikalisha chini.

Hotuba yake ilikuwa hivi. Hadithi si hesabu ya duka. Anayesoma hadithi anakaa ndani ya mtu mwingine kwa muda, anaona dunia kutoka kule, na akitoka hatoki vilevile. Yeye alijifunza uvumilivu kwenye vitabu, ndiyo maana tumefikisha mwaka wa kumi na saba. Akaongeza kuwa hadithi humwingia mtu bila kubisha hodi, humpanga upya kule ndani, na mwenyewe hata hana habari.

Nilikuwa nachezea kijiko. Nikaacha.

Nikamwomba arudie hapo pa kupanga upya. Akarudia, macho yakimng'aa, alidhani nimeguswa. Nimeguswa kweli. Miaka yote nimekuwa nikiwabembeleza watu kwa maneno makavu, kumbe kuna mlango wa nyuma! Kama hadithi inaweza kumpanga mtu upya bila habari yake, basi mama mkwe anaweza kupangwa upya kabla ya Jumamosi, akaamka na wazo la chumba kama la kwake mwenyewe. Bendeji imefunika jicho moja, la pili ni bovu. Kitabu anakiona kama kivuli. Nani atajua ninachosoma?

Alhamisi, 7 Machi

Kazi imeanza. Katika ukurasa wa themanini na mbili ametokea mshona matandiko ya farasi. Nimefikiri sana juu ya kazi yake. Fundi makochi angeonekana mara moja. Tandiko la farasi nalo ni kochi, ila linatembea. Mtu hodari, mchapakazi, aliyejitengeneza mwenyewe, karakana yake iko kichochoroni. Na katika mji huohuo kuna bibi mmoja mwenye ghala tupu lenye mlango wa mabawa mawili.

Mama akauliza nchi gani hiyo. Nikasema ya mbali. Akauliza muuguzi amekwenda wapi. Nikasema yuko likizo.

Halafu akajiegemeza kwenye mto na kuniambia, "Haya, baba. Endelea."

Imeingia bila kubisha hodi.

Ijumaa, 8 Machi

Leo nimemwingiza adui. Mnyoa kondoo. Mvivu, mchekaji, naye analitaka ghala. Nilimpaka matope kwa muda wa kurasa sita nikafurahi sana, mpaka mama aliponikatiza.

Aliuliza kwa nini mnyoa kondoo yuko hivyo. Nikasema ni mbaya tu. Akasema mtu haamki tu asubuhi akawa mbaya, lazima kitabu kimesema mahali. Hebu nirudi nyuma nitafute. Nikapekua kurasa kwa kelele. Nikasema hawajasema. Akauliza ana watoto wangapi. Nikasema mabinti watatu, bila kufikiri, kwa kuwa mwanyumba ana watatu. Akauliza ananyolea wapi kondoo zake. Nikasema barazani. Akauliza mvua ikinyesha je.

Nikafunga kitabu, nikasema sura imeishia hapo.

Haya ndiyo matatizo ya wasomaji wazoefu. Huwezi kuwapa mtu mbaya bila risiti.

Jumamosi, 9 Machi

Nimekwenda kwa mwanyumba kukusanya ushahidi wa ubaya. Nimejifanya nataka kunyolewa.

Nilimkuta na wateja wawili. Nilipoketi kitini mvua ikaanza, ya kweli, si ya kitabuni. Baraza lile linavuja juu ya kiti. Mwanyumba akafungua mwavuli, akaushika kwa mkono wa kushoto juu ya kichwa changu, akaendelea kuninyoa kwa mkono wa kulia. Yeye mwenyewe alilowa bega zima. Akanichekea kwenye kioo, akaniambia kwa mteja wa kawaida mwavuli ni bure, kwa mwanyumba ni bure mara mbili.

Nimemuuliza kwa nini anacheka kila wakati. Nilitegemea kumnasa hapo. Akasema mtu aliyeshikiwa wembe shingoni anahitaji kumwona anayeushika akicheka.

Ushahidi wa ubaya: hakuna. Tena kanyoa vizuri, hata chogo. Nimerudi nyumbani na hasira.

Jumapili, 10 Machi

Mama amenikumbusha swali la mvua kabla sijaketi. Sikuwa nimeandaa kitu. Ikabidi nitumie nilichokuwa nacho: nikasema mnyoa kondoo hushika ngozi kavu juu ya kondoo kwa mkono wa kushoto, yeye akalowa.

Mama aliuacha mto, akakaa wima. Nikaona hadithi inafanya kazi.

Akataka kujua wale mabinti watatu wanasemaje baba akirudi amelowa. Nikasema wanakausha shati lake kwenye moto, wote watatu wamelishika, kila mmoja na pembe yake, na pembe ya nne anaishika yeye. Sijui maneno yale yalitoka wapi. Sauti yangu ilifanya jambo la ajabu. Nikasingizia vumbi la kitabu.

Njiani kurudi nilikuwa bado nawafikiria wale mabinti. Nimejikaripia. Hawapo. Nimewatengeneza mwenyewe, juzi tu.

Jumatatu, 11 Machi

Hasara. Nilikuwa nafunga mto wa kochi la meneja wa benki huku nikiwaza kama binti mkubwa wa mnyoa kondoo aolewe au asubiri. Nikamaliza kushona, nikanyoosha mkono kuchukua mkasi. Hakuna mkasi. Nimepekua karakana nzima. Mkasi wa chuma, umri wake unazidi ndoa yangu.

Jioni nimekuta kumekuwa na hadhira. Muuza mkaa amekuja "kumjulia hali mgonjwa", ameketi mlangoni na mikono yake myeusi ameiweka magotini asichafue. Shemeji, mke wa mwanyumba, alikuwa amejibanza jikoni anamenya viazi polepole kuliko kiazi kinavyostahili. Na mke wangu naye! Anasema alipita tu.

Nimewasomea jinsi mshona matandiko anavyoamka alfajiri, anavyofanya kazi, anavyolala akiwa ametimiza kila kitu. Muuza mkaa akapiga mwayo. Nikamuuliza ana maoni gani. Akasema yule mshona matandiko anamchosha. Hakosei. Haumwi. Kila siku anahesabu misumari. Akaomba turudi kwa yule mnyoa kondoo aliyesimuliwa na mama.

Nimemtetea mshona matandiko. Nikasema ana sababu zake. Wakasema haya, zitaje.

Nilifungua mdomo. Ningeweza kusema kwamba alianza na nyundo moja. Kwamba utotoni hakuna mtu aliyewahi kumkalisha akamsomea kitu, hivyo alidhani vitabu ni vya watu wengine, kama magari. Nikaona hayo yatampunguzia hadhi. Nikasema ana matandiko mengi ya kukamilisha, tuendelee.

Jumatano, 13 Machi

Jana na leo tumemaliza. Nimekiweka kitabu wazi ukurasa wa mwisho, nikautazama ukuta, nikasoma mwisho wangu kwa sauti ya taratibu. Bibi mwenye ghala akawaita wote wawili. Akawapima kwa macho. Akasema ghala liende kwa aliyejitengeneza mwenyewe, maana kumpa mchapakazi ni kujipa mwenyewe. Mshona matandiko akaingia kwa mlango wa mabawa mawili na tandiko begani, halikugusa pembeni. Mwisho.

Shemeji aliweka kisu chini. Muuza mkaa akauliza mnyoa kondoo amekwenda wapi. Nikasema kitabu hakisemi. Akauliza kwa hiyo analowa tu? Nikasema mvua imekatika. Akasema mvua ya kitabu hiki haikatiki, mwenyewe ameambiwa kilianza nayo ukurasa wa kwanza. Akaondoka bila kuaga. Kesho atanisumbua kwa magunia.

Mama aliniomba nirudie mahali pa shati. Pale tu. Nikarudia.

Usoni alionekana mtu aliyepangwa upya kabisa.

Alhamisi, 14 Machi

Nimepima mlango wa chumba cha mbele kwa siri, nikijifanya naokota kitu. Kochi la watu watatu linaingia na nafasi inabaki ya kupitisha na anayelibeba. Nimemwagiza mchora mabango anichoree bango. Herufi nyekundu, kivuli cheusi. Amesema rangi ya kwanza ameshapaka.

Saa tisa meneja wa benki amekuja karakana amekumbatia mto wake. Anasema kila akiketi, kochi linalia kama funguo. Nikaupasua mbele yake. Mkasi wangu. Ameutazama kama kielelezo cha mahakamani. Nimemwambia ni chuma cha kuimarisha, aina mpya, ila kwa mtu wa uzito wake si lazima. Hakufurahishwa na upande wowote wa sentensi hiyo.

Ijumaa, 15 Machi

Mwanyumba amenipitia. Akanipongeza kwa kazi ya kusoma. Anasema mkewe humsimulia kila jioni, na mabinti zake wameanza kushika shati lake kwa pembe, ananicheka mimi kwa sababu sasa hawezi kulivua mwenyewe. Akasema yeye anasoma gazeti herufi kwa herufi, hadi matangazo ya vifo na vipimo vya mabati, kwa kuwa hajui kipi kinarukwa. Lakini anasema ameanza kuipenda kazi hiyo.

Nikamwonea huruma kidogo. Kesho atakuwa na siku mbaya. Nikamwambia akihitaji kiti kizuri zaidi cha kunyolea nitamfanyia bei ya ndugu. Punguzo la asilimia tano. Nikajisikia mtu mkubwa.

Jumamosi, 16 Machi

Bendeji imetolewa. Mama amemtazama kila mtu mmoja mmoja. Mke wangu amenenepa, shemeji amekonda, muuza mkaa ni mdogo kuliko sauti yake. Mimi akanitazama muda mrefu zaidi. Nilikuwa nimevaa shati jipya.

Akasema chumba cha mbele anampa mwanyumba.

Nilicheka. Nilidhani anaanza na mzaha. Hakuna aliyenifuata.

Nikamwuliza mama, kwa heshima zote, kitabu kilisemaje. Bibi wa ghala alimpa nani? Mama akafungua droo, akatoa miwani, akaivaa.

"Mkwe wangu," akasema, "kitabu kile nimekisoma mara nne. Hakina farasi hata mmoja."

Muuza mkaa alikohoa kwa furaha.

Akasema alijua tangu mvua ilipokatika ukurasa wa kumi na nne. Mvua ile inafika mpaka wa ishirini na moja. Alitaka kunikatiza. Kisha nikamleta mshona matandiko akaona anione ninakwenda wapi, na alipofika mnyoa kondoo akawa hataki tena muuguzi arudi. Amemfahamu mwanyumba miaka tisa, anasema, akimwona kama mtu wa kucheka tu. Hajawahi kujiuliza inakuwaje mvua inapomkuta. Ni mimi niliyemwonyesha, tena akiwa amefungwa jicho. Hadithi imemgeuza kabisa, na anashukuru.

Nikasema, na mshona matandiko je? Hakumgeuza hata kidogo?

Akanishika mkono. Akasema mshona matandiko alikuwa mzuri, lakini ungemwacha peke yake jangwani ungemkuta ameshona jangwa. Yule atajiweza. Kila nilipoulizwa anaumia wapi, nilisema haumii popote. Angefanyaje mama wa watu? Akaniambia pia siku nikitaka kumsimulia alianzaje yule mtu, hasa utotoni, yeye yupo, na masikio hayajapasuliwa.

Nikasema asante, mama. Nikapangusa macho kwa mkono wa shati jipya. Vumbi.

Akanipa kile kitabu nikakisome chote, pamoja na katikati.

Mchora mabango alifika wakati huohuo na bango langu. Rangi haijakauka. Mwanyumba alilisoma kwa sauti, herufi kwa herufi, mbele ya kila mtu.

Jumapili, 17 Machi

Mwanyumba amekuja asubuhi na mapema. Sikutaka kumwona, lakini kichochoro hakina mlango wa pili. Hakuja kucheka, ingawa alicheka. Anasema amefikiri usiku kucha. Wateja wake watahitaji mahali pa kusubiri. Kwa nini nisiweke kochi langu pale dirishani, na bango langu ukutani juu yake? Wapita njia wataona kazi yangu, wateja wake watakaa kwenye sponji. Hataki kitu. Ananiambia bila hadithi yangu angekuwa bado ameshika mwavuli.

Nimemshukuru. Kweli nimemshukuru, mke wangu ni shahidi. Ameniangalia kwa matumaini makubwa, akaniuliza nimejifunza nini katika siku hizi zote.

Nimemwambia nimejifunza mengi. Mchana nimekaa na kile kitabu. Nimesoma mvua yote, mpaka ukurasa wa ishirini na moja, na sikuruka. Si mbaya. Kumbe yule aliyeagiza chai ni mwingine kabisa na yule aliyezikwa. Nilitaka kuendelea, ila kulikuwa na hesabu za kufanya.

Chumba cha mbele kinameza makochi manne ya watu watatu. Nitaanza na moja, kama alivyoomba. Mwezi ujao la pili, kwa ajili ya wateja wakiongezeka. Kufikia la tatu, kiti cha kunyolea kitalazimika kusogea mlangoni. La nne likiingia, mwanyumba atakuwa barazani, na atakuwa amefika huko kwa hiari, hatua kwa hatua, akicheka.

Mama hatakubali, najua. Lakini jicho la kushoto linapasuliwa mwezi wa sita, na ameshasema atakayemsomea ni mimi. Nimekwishaona kosa lilikuwa wapi, na ni kosa la kiufundi tu: nilimpa mtu mbaya shati. Safari hii mnyoa kondoo hatakuwa na mabinti, wala ngozi ya kushika juu ya kondoo, wala mkono wa kushoto. Na mama akiniuliza kwa nini yuko hivyo, nitamwambia muuguzi amerudi kutoka likizo, ndiye anayejua.